Udadisi na mabadiliko kazini: tunayoambiana na yalivyo

Mwajiri akileta mfumo mpya, semina hufuata. Kuna chai, sambusa, mtoa mada na kipaza sauti, na maneno yaleyale: dunia inakwenda kasi, fungueni akili, anayeogopa mabadiliko ataachwa. Watu huitikia, husaini karatasi ya posho, kisha hurudi mezani na kuendelea kama jana. Sidhani tatizo ni ubishi wao. Mengi yanayosemwa kwenye semina hizo hayako sawasawa, na mfanyakazi mwenye akili timamu hulihisi hilo hata asipolisema. Nimechagua yale yanayorudiwa mno.

Dhana: Mwenye akili wazi hukubali jambo jipya upesi

Ingekuwa hivyo, walioingia DECI wangekuwa na akili wazi kutushinda wote. Mchezo ule wa "kupanda mbegu" na kuvuna zaidi ya ulichopanda ulienea Tanzania hadi serikali ilipousimamisha mwaka 2009. Waliotoa fedha walipokea jambo jipya, tena kwa moyo mweupe. Kilichokosekana ni swali ambalo muuza nyanya yeyote angeuliza: fedha ya kunilipa mimi inazalishwa na nini? Upatu wa namna ile hauna jibu, maana anayevuna leo analipwa kwa mbegu ya aliyeingia leo.

Akili wazi ni utayari wa kubadili msimamo ushahidi ukidai hivyo, na safari hiyo inaweza kuishia kwenye "hapana". Mtu aliyeuliza gharama, akauliza nani atawajibika mfumo ukigoma mwisho wa mwezi, kisha akakataa, ni mdadisi kuliko aliyesaini bila kusoma.

Dhana: Udadisi ni wa wasomi na wenye vipaji

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi ndani ya friza zilikuwa za kugombania. Siku moja Mpemba akamwona mwenzake akiwahi na maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Akaona akisubiri yake yapoe atakosa pa kuweka, akayatia yakiwa bado ya moto, liwalo na liwe. Baada ya kama saa moja na nusu walikuta ya Mpemba yameganda na ya mwenzake bado majimaji mazito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akalipokea jibu, kama ambavyo wengi wetu tungelipokea. Baadaye lakini alizungumza na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini, naye akamwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi, kwa kuwa huganda upesi. Kumbe wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanategemea kila siku jambo ambalo darasani halikuwezekana.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu, na darasa likapata utani wa kumtania kila alipokosea. Kisha akaja mgeni kutoa mhadhara, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama. Ukichukua vyombo viwili vyenye maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wenzake waliona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne naye alihisi kijana amekosea, ila alimjibu kwamba hajui, na kwamba akirudi Dar atalijaribu.

Alirudi, akampa kazi fundi wa maabara. Fundi akaleta taarifa: maji yaliyoanza yakiwa ya moto yametangulia kuganda, lakini tutaendelea kurudia jaribio hadi tupate jibu sahihi. Nampenda sana fundi yule. Ofisi ngapi hupima jambo, na zikipata zisichokitarajia huona kipimo ndicho kibovu?

Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Mpemba hakuishia kuwa profesa wa fizikia. Alifanya kazi ya wanyamapori. Na ubishi haujaisha. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry, jumuiya ya wanakemia ya Uingereza, ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya jambo hilo, ikapokea majibu zaidi ya 20,000. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao na kusema hawakuona ushahidi wa maana kwamba hutokea. Watoa mada huiruka sehemu hii wakimsimulia Mpemba, nami sioni sababu. Hata siku ikithibitika kwamba maji ya moto hayatangulii, Osborne alifanya vizuri kupima.

Ndiyo maana nikisikia wafanyakazi wanahimizwa wawe wadadisi, huuliza kwanza wakubwa wao wanajibu vipi. Maswali yapo tele, hata kwa mlinzi wa getini. Adimu ni mkubwa wa kusema mbele ya watu "sijui, ngoja tujaribu", na kisha akajaribu kweli.

Dhana: Waliopitwa na wakati hawakuona mabadiliko yakija

Mfano unaopendwa ni Kodak: kampuni kubwa ya filamu ilipuuza kamera ya dijitali, ikaanguka. Inasimulika vizuri, ila mambo hayakwenda hivyo. Kamera ya dijitali ya kubebeka ilitengenezwa ndani ya Kodak yenyewe mwaka 1975, na mhandisi kijana, Steve Sasson. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, ilitoa picha nyeusi na nyeupe, na ilitumia sekunde 23 kurekodi picha moja kwenye kaseti. Kampuni ikaendelea kumwaga fedha kwenye dijitali, na mwaka 2005 iliongoza kwa mauzo ya kamera hizo Marekani. Januari 2012 ikaomba mahakama iilinde dhidi ya wadai.

Waliona, basi, tena mapema kuliko wengine. Lakini filamu, karatasi na dawa za kusafishia picha viliwaingizia fedha kila mteja alipobonyeza kitufe, na kamera ya dijitali ikishauzwa imeuzwa. Kisha simu ikaja ikaimeza kamera yenyewe. Kujua kwamba jambo linakuja ni sehemu rahisi. Kuuliza "tukiacha hili, sisi tunajua kufanya nini kingine?" ndiko kugumu.

Washindani wao wa Japani, Fujifilm, waliliuliza hilo. Filamu hutengenezwa kwa kolajeni, aina ya protini, na ngozi ya binadamu ina kolajeni. Miaka ya kuzuia picha zisififie ilikuwa imewafundisha mengi kuhusu oksijeni inavyoharibu vitu. Wakaingia kwenye vipodozi, chapa ya Astalift, mwaka 2007. Utaalamu wao wa kutengeneza tabaka nyembamba ukawapeleka kwenye utando unaotumika ndani ya skrini za LCD.

Hesabu hiyohiyo imepigwa mitaani kwetu bila mshauri wa kulipwa. Studio za picha nyingi, kazi ya kusafisha filamu ilipokauka, ziligeuka steshenari: pasipoti saizi, fotokopi, kuskani vyeti, kumjazia mtu maombi ya ajira mtandaoni. Mwenye studio alijua nini kilichokuwa kinawaleta wateja: karatasi yenye sura yako inayokubalika serikalini.

Dhana: Mabadiliko hubuniwa juu, huku chini ni kupokea

Oktoba 2005, kampuni za simu Vodafone ya Uingereza na Safaricom ya Kenya zilianza majaribio Nairobi na Thika pamoja na taasisi ya mikopo midogo, Faulu. Lengo lilikuwa moja: mkopaji apokee na kurejesha mkopo wake kwa simu. Wateja wa majaribio walikuwa mia chache tu.

Wateja wale wakaanza kufanya yao. Mtu alimlipia mwenzake rejesho, mwenzake akamlipa kwa kumfanyia kazi fulani. Wenye biashara wakatumiana fedha wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kwa wakala mahali pamoja, wakasafiri, wakazitoa kwa wakala mwingine saa chache baadaye, wasije wakakabwa njiani na noti mfukoni. Hakuna aliyewafundisha hayo. Na kwa mhasibu anayetaka kila rejesho likae kwenye akaunti ya mkopaji wake, hayo yalikuwa maumivu ya kichwa. Kweli upande wa mikopo ulihangaika kulinganisha mahesabu.

Hapo kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza tunaijua sote: kutoa waraka kwamba huduma itumike kwa malengo yaliyokusudiwa. Ya pili ilikuwa kukaa na kutazama watu wanatafuta nini. Nick Hughes na Susie Lonie, walioubeba mradi upande wa Vodafone, pamoja na wenzao wa Safaricom, walishika ya pili. Mikopo ikawekwa kando, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa Kenya kwa ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kupitia Vodacom.

Kwa hiyo mtumiaji anayetumia mfumo "vibaya" anastahili kutembelewa kabla ya kuandikiwa barua. Mfanyakazi anayejaza fomu ya mtandaoni kisha akampigia simu mkubwa wake kumwambia ameijaza ameshakueleza kasoro ya fomu ile.

Dhana: Anayepinga ni mwoga tu

Woga upo, na una mantiki yake. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha mwaka 1979 nadharia inayoonyesha kwamba kupoteza huuma kuliko kupata kiasi kilekile kunavyofurahisha. Anayeahidiwa faida ya kesho hutazama kwanza kitakachomtoka leo, na mara nyingi kinamtoka kweli: posho, cheo, ujuzi wa miaka ishirini, au kiti karibu na dirisha. Usicheke, viti vimevunja urafiki.

Lakini upinzani pia ni taarifa. Mei 2023 wafanyabiashara wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka. Ukisikiliza kwa mbali ungesema hawataki kulipa kodi, basi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipokutana nao Mnazi Mmoja, waliyoyataja yalikuwa mahususi: usajili wa stoo, kamatakamata, kikosi kazi cha Mamlaka ya Mapato (TRA). Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane. Ila malalamiko yenye majina na mahali yanajibika moja moja, kitu ambacho huwezi kufanya ukishawaita watu wakorofi.

Dhana: Udadisi unakula muda wa kazi

Unakula. Kurudia kazi nzima kunakula zaidi.

Dhana: Samaki mkunje angali mbichi, mzee habadiliki

Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret, Januari 2004, akiwa na miaka 84 kwa hesabu yake, baada ya Kenya kuondoa ada za shule za msingi. Wengi wanamkumbuka kwa kaptula na soksi ndefu za sare, na wamesahau alichokifuata. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe, maana alishuku mhubiri haisomi ilivyo. Tena alitaka kujua kuhesabu, iwapo angelipwa fidia kwa aliyotendewa wakati wa Mau Mau. Mwaka 2005 alikwenda New York kuzungumzia elimu ya bure mbele ya Umoja wa Mataifa. Mzee yule alikuwa na maswali mawili ya kwake, na kalamu ilikuwa njia ya kuyajibu. Ukimpelekea mtu mzima mfumo usiojibu swali lake lolote, usiseme ameshindwa kujifunza.

Chukua mapokezi ya zahanati yoyote iliyohamia kwenye kompyuta. Skrini ipo, na pembeni yake lipo daftari kubwa lenye jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula. Anaingia kijana wa TEHAMA.

"Shikamoo mama. Hili daftari bado la nini, si tulishahamia kwenye mfumo?"

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa mpaka umeme ukatike, utaniambia wewe."

Akikaa kweli, ataona mengi kuliko kukatika kwa umeme. Ataona safu ambayo mfumo hauna: jina la balozi wa nyumba kumi, ili mgonjwa asiyerudi kliniki afuatwe. Ataona majina matatu yanayofanana, na alama ya penseli ya kuyatofautisha. Ataona simu ya jirani imeandikwa kwa anayedai hana simu. Hayo yote ni mambo ya kuongeza kwenye programu, na mtaalamu wayo amekaa palepale na kanga begani. Mama naye ana lake la kuuliza, hasa kuhusu ile ripoti ya mwezi anayoihesabu kwa mkono siku mbili nzima, ambayo mashine ingeitoa kabla maji ya chai hayajachemka. Wape wiki moja wakae meza moja, halafu ndipo daftari lijadiliwe.