Hori la Tudor si bahari kuu

"Yakhe, bahari ni kubwa, itajiosha yenyewe." Ndivyo alivyonijibu juzi mwenye nyumba mmoja wa Mikindani, Mombasa, bomba la vyoo vya wapangaji wake likimwaga kwenye mikoko. Kauli hii nimeisikia barazani, mikutanoni, hata kwa mafundi wenzangu wa kusafisha majitaka. Leo sinyamazi.

Bahari ni kubwa, sawa. Lakini bomba lako linamwaga horini, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Hori la Tudor lina mlango mwembamba, kati ya kisiwa cha Mombasa na Nyali, kisha huko ndani linatanuka. Maji yakikupwa hayaendi mbali. Mengi hurudi yanapojaa tena, na uchafu wako umo. Siku za bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo maji ya horini hubadilishwa kiasi. Siku za maji mafu tofauti ni kama mita moja tu, na kule juu hori hutulia kama beseni. Mito ya Kombeni na Tsalu ingeyasukuma, ila kiangazi hukauka.

Halafu oksijeni. Maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 28 hubeba miligramu 6 na kitu kwa lita, basi. Majitaka mabichi yana BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria watahitaji ili kuula uchafu huo, ya miligramu mia kadhaa kwa lita. Bakteria wanaokula kinyesi humaliza oksijeni yote, samaki wakabaki wanatweta. Mtambo wa kusafisha majitaka, wa Kipevu au wa popote, huwatumia bakteria hao hao, ila ndani ya kuta na kwa hewa tunayoikoroga sisi, kabla maji hayajatoka.

BOD yenyewe nina shaka nayo. Hupimwa kwa siku 5, kwenye nyuzi 20. Kipimo hiki asili yake ni Uingereza, ambako mwaka 1912 tume ya majitaka ilipendekeza kikomo cha 20 kwa kutarajia kwamba mto utayazimua maji hayo kwa maji safi mara 8 yake. Hori letu halina nyuzi 20, na siku za maji mafu hizo mara 8 utazitoa wapi? Kanuni zetu za 2006 ziliweka 30. Naifuata kazini, lakini karatasi ikisema 28 moyo wangu hautulii, maana kwenye joto hili oksijeni huliwa upesi zaidi kuliko chupa ya maabara inavyoonyesha.

Chumvi na jua huua vijidudu, kweli, kwenye maji maangavu. Kwenye tope chini ya mkoko jua halifiki. Na chaza huyachuja maji hayo kutwa, vijidudu vikabaki mwilini mwake, kisha akaliwa.

Jambo jingine ni saa ya kuchota sampuli. Nikichota maji yamejaa, majibu hupendeza. Nikirudi pale pale yamekupwa, utadhani ni hori jingine. Ukiletewa majibu yasiyoandikwa saa, yarudishe.

Mwenye nyumba nimemwomba tukutane kwenye bomba lake siku ya maji mafu, yakiwa yamekupwa. Amekubali kuja.