Hadi diski mpya haionekani? Usikimbilie kuifomati

Ukiwa fundi wa kompyuta hapa Dodoma, utawahudumia watumishi wa Mji wa Serikali Mtumba na wanafunzi wa UDOM, na wote watakuambia maneno yaleyale: "Fundi, hii hadi diski mbovu, kompyuta haiioni." Mara nyingi kompyuta imeshaiona. Haijajua tu iiweke wapi.

Anza na umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900, na diski ya kuzunguka hula zaidi pale inapoanza kuzunguka. Ukisikia inagonga-gonga na kuzima, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, nyuma kama ni ya mezani, bila kigawanyio cha USB (hub). Badilisha na waya pia. Kuna nyaya za chaji ambazo ndani hazina njia ya data kabisa: taa itawaka, na hakuna kitakachoendelea.

Taa inawaka, waya ni mzima, lakini diski haipo kwenye This PC? Bofya Start kwa kitufe cha kulia, fungua Disk Management. Hapo ndipo ukweli ulipo. Diski isiyowahi kutumika itaandikwa Not Initialized. Ianzishe kwa GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski, kwa sababu ule wa zamani, MBR, unaishia TB 2, kisha bofya kwa kitufe cha kulia sehemu yenye mstari mweusi na uchague New Simple Volume.

Maofisini kuna tatizo jingine, na hili ndilo linalowachosha watu. Kompyuta zimeunganishwa na mafolda ya mtandao yaliyopewa herufi, tuseme E au F. Windows huweza kuipa diski yako herufi hiyohiyo, nayo ikafichwa na folda la mtandao. Mtu atabadilisha waya mpaka achoke! Dawa ni Change Drive Letter and Paths, humohumo kwenye Disk Management: chagua herufi ya mbali, kama R au T.

Ukikuta imeandikwa RAW, yaani Windows haitambui mpangilio wa mafaili yake, au Windows inakuomba uifomati, na diski hiyo iliwahi kuwekwa kazi za mtu, kataa. Pengine ilitayarishwa kwenye Mac au Linux, pengine ina usimbaji (data zimefungwa kwa nywila), pengine orodha yake ya mafaili imeharibika. Data bado zinaweza kuwemo.

Ikiwa ni mpya kweli, ifomati kwa mpangilio wa mafaili unaomfaa mwenyewe: mimi huchagua exFAT kwa anayetumia Windows na Mac, kwani Mac husoma NTFS, mpangilio wa Windows, lakini kwa kawaida haiandiki humo. Wa Windows peke yake abaki na NTFS. Mpangilio wa zamani, FAT32, haupokei faili linalofika GB 4, na video ya sendofu hupita hapo mapema tu.

Diski ya TB 1 ikionyesha GB 931, hukuibiwa. Kiwandani wanahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.