Je, wajua kwa nini kocha wa kazi hakupi majibu?

Tuchukue mfano wa dada aliyepandishwa cheo. Mwaka jana alikuwa ofisa mauzo hodari kuliko wenzake wote. Sasa ndiye mkuu wa idara, na watu tisa wako chini yake. Miezi mitatu haijaisha, usingizi umempotea. Kila asubuhi akifika anakuta watu mlangoni: huyu mteja wake kaikataa bei, yule gari la mzigo limekwama njiani, mwingine anaomba ruhusa. Anawamaliza mmoja mmoja, na saa kumi na moja jioni, ofisi ikishatulia, ndipo anapoanza kazi yake mwenyewe.

Mwajiri anamlipia kocha. Dada anakwenda na daftari jipya na kalamu, tayari kuandika mbinu za uongozi. Kocha anamsikiliza kama dakika kumi bila kumkatiza, kisha anamuuliza: "Wale waliokusubiri mlangoni leo, wangapi walikuwa wanalijua jibu kabla hujafika?"

Daftari linabaki jeupe.

Wengi wakitoka kwenye kikao cha kwanza cha namna hii huuliza, na wana haki ya kuuliza: huyu mtu analipwa kwa kuuliza maswali tu? Kama anajua, si aseme? Jibu lake linaanzia uwanjani, kwenye tenisi.

Neno lenyewe kwanza. Sisi kocha tunamjua kwenye soka, na jina tulilipata kwa Waingereza. Wao nao lilitoka mbali: Kocs, kijiji cha Hungaria, ambako karne ya 15 mafundi walikuwa wakiunda magari mepesi ya kukokotwa na farasi. Gari likachukua jina la kijiji na kuzunguka nalo Ulaya. Kwenye miaka ya 1830 wanafunzi wa Oxford wakaanza kulitumia kumwita mwalimu wa pembeni, yule anayembeba mwanafunzi mpaka avuke mtihani. Wanamichezo wakalichukua baadaye.

Sasa tenisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani Timothy Gallwey, aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya tenisi ya Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akifundisha mchezo huo California. Aligundua kitu kilichomsumbua. Kadiri alivyozidi kuelekeza, ndivyo mwanafunzi alivyozidi kukakamaa. Inua raketi, kunja goti, geuza bega, tazama mpira: mtu mwenye maelekezo manne kichwani hawezi kuupiga mpira mmoja vizuri. Akajaribu njia nyingine. Akamwambia mwanafunzi asijali kupiga vizuri, ila mpira ukigusa chini atamke neno moja, na ukigusa raketi atamke lingine. Kwa Kiswahili tungesema "dunda" na "piga". Dunda, piga. Dunda, piga. Ili uyatamke maneno hayo kwa wakati wake ni lazima uufuate mpira kwa macho mwanzo mwisho, na akili ikishughulika na mpira haipati nafasi ya kujilaumu. Mkono ukalegea, mapigo yakanyooka, na hakuna aliyeambiwa ashike raketi vipi. Gallwey aliyaeleza haya kwenye kitabu alichokitoa mwaka 1974, na hesabu yake ni nyepesi: utendaji wa mtu ni uwezo alionao, ukitoa yale yanayomzuia. Mwalimu wa kawaida hushughulika na kuongeza uwezo. Kocha hushughulika na kupunguza vizuizi.

Aliyeyapeleka mawazo hayo maofisini, hasa Uingereza, ni John Whitmore, dereva wa magari ya mashindano aliyekuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1965. Whitmore alisimulia kisa ambacho kwangu kinaeleza ukochi kuliko tafsiri yoyote ya kamusi. Yeye na wenzake walikuwa wakiendesha mafunzo ya tenisi na ya kuteleza kwenye theluji kwa njia ya Gallwey. Msimu mmoja wateja wa tenisi wakawazidi, makocha wakawa hawatoshi. Wakawaita makocha wawili wa theluji, ambao tenisi hawakuijua, wakawavalisha sare, wakawapa raketi za kubeba kwapani, na kuwaahidisha kwamba hawatazitumia kwa hali yoyote. Wakaingia uwanjani na maswali tu: mpira unauona ukizunguka upande gani? Mwili wako umekaza wapi? Kazi yao haikutofautika sana na ya wenzao wa tenisi, na mara kadhaa waliwazidi. Mjuzi wa tenisi akimtazama mwanafunzi huona makosa ya tenisi na kuyarukia. Yule wa theluji hakuwa na makosa ya kurukia, kwa hiyo alimtazama mtu.

Kutokana na kazi hiyo Whitmore na wenzake walituachia utaratibu wa kikao ambao bado unatumiwa na makocha wengi duniani. Una hatua nne: lengo, hali ilivyo, njia zilizopo, na nia ya kutenda. Ukiusikia hivyo unaonekana mkavu. Turudi kwa dada yetu tuuone ukitembea.

"Dada, leo tukimaliza, ungependa uondoke na nini?"

"Nataka watu wangu waache kunisumbua."

"Wakiacha, asubuhi yako itakuwaje?"

Hapo anafikiri. Anasema angekaa saa mbili kila siku kupanga wiki na kuwatembelea wateja wakubwa, kazi ambayo ndiyo hasa aliyopandishiwa cheo.

"Sawa. Jana walikuja wangapi?"

Anahesabu kwa vidole. Wanane.

"Wangapi kati yao jambo lao lilikuhitaji wewe kweli?"

"Watatu. Labda wanne."

"Na hao wengine uliwafanyia nini?"

"Niliwajibu, si..." Anakatiza mwenyewe. Kocha hasemi kitu. Kimya kile kinaweza kufika nusu dakika, na kwa asiyezoea ni kirefu kama foleni ya hospitali. Kisha dada anasema polepole: "Kumbe mimi ndiye ninayewafundisha kuja."

Kocha angeweza kumwambia hivyo tangu dakika ya kumi na moja. Dada angeitikia kwa heshima, angeandika kwenye daftari, na kesho yake angeendelea kuwajibu watu mlangoni. Jambo ulilolifikia mwenyewe hulibishii. Zaidi ya hapo, kocha haijui ofisi ile: hajui nani akipewa uamuzi ataogopa, nani ataharibu, bosi mkubwa anakasirishwa na nini. Dada anayajua yote hayo. Basi anapoulizwa njia, anazitaja mwenyewe tatu, na kuchagua moja: punguzo la bei lililo chini ya kiasi fulani wataamua wenyewe, na anayekuja na tatizo aje na pendekezo lake. Swali la mwisho la kocha ni la nia: "Unaanza lini, na nani atajua kuwa umeanza?" Jumatatu, kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wote tisa.

Kuna neno ambalo makocha wazuri hulikwepa, na sisi tunalitumia sana: "kwa nini". Mwambie mtu "kwa nini hukumaliza ripoti?" utapata utetezi: umeme ulikatika, mtoto aliumwa. Wengi wetu swali hilo tulilizoea shuleni, likija pamoja na fimbo. Muulize "nini kilikukwamisha kwenye ripoti?" na mazungumzo yanahamia kwenye ripoti. Ni tofauti ndogo ya maneno, lakini ijaribu kesho kazini au hata nyumbani kwa mtoto, utaiona usoni mwa unayemuuliza.

Nimewasikia watu wakisema ukochi ni wa Wazungu, kwamba kwetu mkubwa huelekeza na mdogo husikiliza. Pwani tunaye kungwi, tunaye somo, na kazi yao ni kufunda: wanayo majibu na wanayatoa. Hao si makocha, wala hawahitaji kuwa. Lakini fikiria kocha wa miaka thelathini na mitano aliyekaa na mkurugenzi wa miaka sitini. Kumwelekeza mzee ni utovu wa adabu, na mzee mwenyewe hatasikiliza. Kumuamkia shikamoo na kumuuliza "Mzee, wewe mwenyewe unalionaje?" ni adabu tupu. Njia ya maswali inapita mahali ambapo ushauri wa kijana usingepita kamwe. Kazi ngumu iko upande wa pili, kwa mkubwa anayemuuliza mdogo. Kijana akiulizwa na bosi "wewe unaonaje?" hudhani anategwa, na bosi anayetaka kuwa kocha kwa watu wake hana budi kulirudia swali hilo wiki nyingi, na kuyavumilia majibu mabovu, kabla hajaaminiwa.

Tusichanganye mambo. Mshauri elekezi hulichunguza shirika na kukuletea mapendekezo. Mlezi wa kikazi ni mtu aliyeipita njia yako na anakusimulia alivyoipita. Mnasihi au daktari wa afya ya akili hutibu maumivu. Kocha anakusaidia kufikiri mpaka utende, na akiona una sonona au jeraha la zamani linalovuja, anapaswa kukwambia waziwazi kwamba hapo panamhitaji mtu mwingine.

Na si kwa wanaoanza tu wala kwa wanaoshindwa. Atul Gawande, daktari wa upasuaji huko Boston, aliandika mwaka 2011 kwamba baada ya miaka minane ya kazi aliona matokeo yake yamesimama: si mabaya, ila hayapandi tena. Akamwomba aliyekuwa mwalimu wake, Robert Osteen, ambaye alikuwa amestaafu, aje kusimama chumba cha upasuaji na kumtazama akitoa tezi ya shingoni. Upasuaji ulikwenda vizuri. Gawande alidhani mzee hatakuwa na la kusema. Osteen alikuwa na ukurasa uliojaa: vitambaa vilitandikwa vikamfaa daktari lakini vikambana msaidizi wake, kuna wakati taa ilihama kutoka kwenye jeraha na hakuna aliyegundua, na kiwiko cha daktari kilikuwa kikiinuka mara kwa mara, ishara kwamba alipaswa kusogeza miguu au kubadili kifaa. Ni mambo madogo, lakini hakuna daktari anayeweza kukiona kiwiko chake mwenyewe huku macho yake yako kwenye shingo ya mgonjwa. Gawande aliandika kuwa mazungumzo yale ya dakika ishirini yalimpa mengi ya kufanyia kazi kuliko miaka mitano iliyotangulia.

Eric Schmidt alipokuwa akiiongoza Google aliambiwa na mjumbe wa bodi atafute kocha. Mwanzoni alikasirika, amekosea nini? Kocha aliyeletewa alikuwa Bill Campbell, aliyewahi kufundisha timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Columbia, na baadaye Schmidt alisema hadharani kuwa ushauri ule ulikuwa bora kuliko wote aliowahi kupewa. Kampuni hiyohiyo ilipochambua takwimu zake ijue meneja mzuri ana sifa gani, ilipata tabia nane. Ya kwanza ilikuwa kuwa kocha mzuri kwa watu wake. Ujuzi wa kiufundi, uliotarajiwa uongoze kwenye kampuni ya wahandisi, ulikuwa wa nane.

Kwa shirika, jambo ambalo mimi huliona zito kuliko yote ni siri. Anayelipa ni mwajiri, anayekaa kwenye kiti ni mfanyakazi. Kama yasemwayo kikaoni yanaweza kufika kwa rasilimali watu, dada yetu hatasema kamwe "kumbe ni mimi". Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza wote watatu hukaa na kukubaliana: mwajiri atajua lengo, atajua kama vikao vinahudhuriwa, na yaliyobaki atayapata kwa mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri anayemtumia kocha kama mpelelezi, au kama onyo la mwisho kabla ya kumfukuza mtu, anatupa pesa yake.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam waliunganisha tafiti 18 na kuona faida kwenye utendaji, hali njema ya mtu, kustahimili shida na mtazamo juu ya kazi. Nguvu kubwa zaidi ilikuwa kwenye mtu kujisimamia hadi afikie lengo lake. Walionyesha pia kwamba tafiti zisizo na kundi la kulinganisha zilitoa matokeo makubwa zaidi, kwa hiyo anayekuuzia ukochi kama muujiza mwogope. Tena kuna mahali haufai kabisa. Dereva wa siku ya kwanza hahitaji kuulizwa anaonaje kuhusu breki, afundishwe. Na wauguzi wawili wenye wodi ya wagonjwa hamsini hawana tatizo la kufikiri, wana uhaba wa wauguzi. Kuwapa kocha ni kuwadhulumu.

Ukitaka kocha, kumbuka kuwa katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote kujiita hivyo kesho asubuhi. Chama kikubwa cha kimataifa cha makocha, ICF, kilichoanzishwa na Mmarekani Thomas Leonard mwaka 1995, hutoa ithibati za ngazi tatu, na pamoja na mafunzo kila ngazi inadai saa za kukaa na wateja: 100 kwa ya kwanza, 500 kwa ya pili, 2,500 kwa ya juu. Mwulize kocha wako amesomea wapi, ana saa ngapi, siri zako atazitunza vipi. Omba kikao kimoja cha majaribio kabla hujalipia sita, na ukiwa humo angalia kitu kimoja: kati yenu wawili, nani anaongea zaidi.