Miligramu kwa lita hazitoshi kutuambia kama kiwanda kinachafua mto

"Tupo ndani ya kiwango, kwa hiyo hatuchafui." Nimeisikia kauli hii kwa mameneja wa viwanda, nikaisikia kwa madiwani, na sasa naisoma hata kwa waandishi wa habari wanaoinukuu karatasi ya maabara kana kwamba ni hukumu ya mahakama. BOD 28, COD 57, muhuri, saini, mjadala umefungwa. (BOD ni oksijeni ambayo bakteria wanatumia kula uchafu uliomo majini; COD ni oksijeni inayohitajika kuuchoma uchafu kwa kemikali, pamoja na ule ambao bakteria hawauli.) Mimi kazi yangu ni maji taka ya viwandani, na nimechoka kuona mjadala unafungwa hapo ulipopaswa kuanzia.

Kuna kundi la pili linalosema Tanzania haina sheria. Hilo nalimaliza haraka. Sheria ya matumizi ya maji ya 1974 ilirekebishwa 1981 ikawekewa viwango vya muda vya maji taka, hata kabla NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, halijaundwa kwa sheria ya 1983. Sera ya Taifa ya Mazingira ilitoka 1997. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilipitishwa 2004 ikaanza kutumika Julai 2005, ikafuatiwa na kanuni za ubora wa maji za 2007. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 ikazipa Bodi za Maji za Mabonde kazi ya kutoa vibali vya kutiririsha, na sera ya mazingira ikaandikwa upya 2021. Tathmini ya athari imo, ukaguzi umo, kanuni ya mchafuzi kulipa imo. Sheria tunazo za kutosha. Kinachonikera ni namna tunavyozisoma namba zilizomo.

Chukua ukomo wa kisheria wa maji yanayotoka kiwandani: BOD 30, COD 60, chembe zinazoelea 100. Zote ni miligramu kwa lita. Kipimo cha namna hii hakijui kiwanda kimemwaga lita ngapi. Kiwanda kinachotoa mita za ujazo 1,000 kwa siku kikiwa na BOD 30 kinaupa mto kilo 30 za uchafu kila siku, na kisheria ni kisafi. Jirani yake anatoa mita za ujazo 50 zenye BOD 200. Huyo anaupa mto kilo 10, theluthi moja ya mwenzake, na ndiye atakayepigwa faini. Sisemi asipigwe: 200 ni nyingi, na samaki waliopo mdomoni mwa bomba hawasubiri hesabu ya siku nzima. Nasema yule wa kwanza asisimame mbele ya wananchi akajiita mlinzi wa mazingira.

Na hapo sijafika kwenye mbinu. Kiwanda chenye mita za ujazo 100 za maji yenye BOD 300 kina kilo 30 mkononi. Kikichimba kisima na kuchanganya mita za ujazo 900 za maji safi kabla ya bomba la mwisho, sampuli itasoma 30. Kilo ni zilezile. Kijiko cha chumvi ni kilekile, ukikikoroga kwenye kikombe au kwenye pipa. Tena tumeongeza hasara ya pili: tumenyonya maji safi ardhini, katika jiji la Dar es Salaam ambalo watu wananunua maji kwa dumu, ili kuipendezesha karatasi. Kwa metali kama kromiamu na risasi ni hatari zaidi, kwa sababu hizo haziozi. Zinatulia kwenye tope, mafuriko yanazitawanya bondeni, na bonde la Mto Msimbazi ni bustani ya mchicha. Mboga haijui miligramu kwa lita. Inajua kilichorundikana kwenye udongo.

Kuna jambo la kihistoria ambalo natamani kila mwandishi wa taarifa ya mazingira angelijua. Viwango vya aina hii vina ukoo. Mwaka 1912 Tume ya Kifalme ya Uingereza iliyochunguza maji taka ilipendekeza BOD 20 na chembe 30 kwa maji yanayoingia mtoni, lakini kwa sharti: mto uwe na maji safi angalau mara nane ya yale yanayoingia. Namba ilisafiri dunia nzima, sharti likabaki nyuma. Sidai kwamba 30 yetu ilinakiliwa moja kwa moja kutoka pale. Nadai kwamba wazo lililo chini yake ni hilohilo: mto upo, umejaa, utamalizia kazi. Sasa njoo Msimbazi mwezi wa tisa. Mto unaoanza milima ya Pugu na kupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi Daraja la Selander unakuwa mwembamba, na sehemu kubwa ya kinachotiririka humo ni maji tuliyoyamwaga sisi wenyewe. Hayo maji mara nane yatatoka wapi?

Ongeza joto. BOD hupimwa siku tano kwenye nyuzi 20. Maji yetu ya pwani ni ya moto zaidi ya hapo. Kwa nyuzi 20 maji safi hubeba takribani miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, kwa nyuzi 30 ni kama 7.6. Yaani bakteria wanakula haraka zaidi, na akiba ya oksijeni ni ndogo zaidi. BOD 30 ya chupa ya maabara na BOD 30 ya mto wa Dar es Salaam zinafanana kwa maandishi tu.

Kuhusu sampuli nitasema kidogo ingawa ningeweza kukesha. Kiwanda cha nguo hakitiririshi kwa usawa. Beseni la rangi linafunguliwa, maji mazito yanatoka kwa muda mfupi, kisha yanafuata maji ya kusuuza kwa saa nyingi. Chupa moja iliyochotwa saa nne asubuhi inakueleza habari za saa nne asubuhi. Sampuli mchanganyiko ya saa 24 ingesema mengine, lakini inahitaji mashine au mtu wa kukesha, na ni ghali, kwa hiyo mara nyingi haifanyiki.

Sasa niseme mashaka yangu, kwa sababu nayo ni sehemu ya kazi. La kwanza ni BOD yenyewe. Maji yakiwa na sumu ya kutosha, bakteria ndani ya chupa wanakufa au wanalegea, hawatumii oksijeni, na jibu linatoka dogo. Maji ya hatari yanaweza kusoma kama maji mazuri. Maabara makini hugundua kwa kupima tena baada ya kuyachanganya na maji safi kwa viwango tofauti na kulinganisha na COD. Ninapoona BOD 8 na COD 400 kwenye karatasi moja sifurahii ile 8. Lakini siwezi kuapa kwamba kila namba ninayoletewa imepitia hatua hizo.

La pili linanisumbua zaidi. Dawa ninayoitetea ni kuweka ukomo wa kilo kwa siku kwenye kibali, sambamba na miligramu. Kilo zinahitaji mita ya mtiririko inayofanya kazi. Nimeingia viwanda vyenye mita ya maji yanayoingia iliyosafishwa ikang'aa, na mfereji wa kutolea usio na chochote cha kupimia. Tukiandika ukomo wa kilo bila mita, tutakuwa tumeongeza namba nyingine ya kubuni, na pengine bora tubaki na miligramu ambayo angalau mkaguzi anaichota kwa mkono wake. Sijalimaliza hili kichwani.

La tatu: sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na mabomba ya maji taka, na vyoo vya nyumbani navyo vinaishia kwenye mito hiyohiyo. Kwa BOD peke yake, siwezi kusimama darajani nikakuonyesha ipi ni ya kiwanda na ipi ni yetu. Rangi, metali na chumvi husaidia kutofautisha, BOD haisaidii.

Kwa hiyo ukionyeshwa karatasi ya maabara, uliza sampuli ilichotwa saa ngapi na kiwanda kilikuwa kinazalisha nini saa hiyo. Uliza mtiririko wa siku hiyo, uzidishe mwenyewe kwa miligramu. Kisha omba ankara za maji na rekodi za kisima za mwaka mzima, uziweke kando ya kiasi cha uzalishaji. Maji yakiwa yameongezeka maradufu huku bidhaa zikibaki palepale, na BOD imeshuka nusu, mtambo wa kusafisha haujaongeza kazi yoyote.