Mashine za bei chee na mapigo 240 kwa dakika

Mwaka 1984 kampuni ya Roland ya Japani iliacha kutengeneza kisanduku chake cha rangi ya fedha kiitwacho TB-303. Hakikukaa sokoni sana, na vilivyotengenezwa ni kama 10,000 tu. Kilikusudiwa kumsaidia mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake: wewe unapiga gitaa, chenyewe kinakupigia besi. Wapiga gitaa hawakukitaka. Kuingiza noti zake kulichosha akili, na ukishamaliza, sauti iliyotoka haikufanana na gitaa la besi hata kidogo. Vikaishia kwenye maduka ya mitumba, bei ya kutupa.

Naanza na kisanduku hicho kwa sababu kila ninapoulizwa "Hivi singeli, muziki wetu wa kasi wa uswahilini, imekufa?" au "Amapiano ya Afrika Kusini itadumu kweli?", akili yangu hukimbilia huko. Natengeneza biti na kuchanganya sauti hapa Dar es Salaam kwa miaka kumi na minne sasa, na suala la muziki upi unapanda na upi unashuka ndilo linaloamua kama kodi ya chumba cha studio italipika. Nimezoea kulitazama kwa macho mawili. Moja linaangalia ni mashine gani imeshuka bei mpaka kijana asiye na kitu akaimudu. Jingine linaangalia watu wamepata wapi nafasi ya kucheza. Ladha huja nyuma ya hayo.

Twende Chicago. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, shehena ya santuri za disko ililipuliwa katikati ya mechi mbili, umati ukishangilia. Kampeni hiyo ilitokea redioni, na baada ya hapo kampuni kubwa za muziki za Marekani zikaanza kuikimbia disko. Ila waliokuwa wakiicheza hawakuhama mji. Katika jiji hilohilo kulikuwa na klabu iliyoitwa Warehouse, na DJ wake alikuwa Frankie Knuckles, aliyetokea New York mwaka 1977. Waliojaa humo walikuwa hasa vijana Weusi na Walatino, wengi wao mashoga, watu waliokuwa na sehemu chache sana za kucheza kwa amani. Disko mpya zilipoanza kuadimika, DJ akabaki na ukumbi uliojaa na santuri zisizotosha. Basi zikarefushwa zilizokuwepo: kipande kizuri kikakatwa kwenye kanda, kikaungwa tena na tena, na chini yake ikawekwa mashine ya ngoma. Muziki uliozaliwa hivyo ukaitwa hausi, jina lililotokana na klabu hiyo.

Sasa kisanduku chetu. Katikati ya miaka ya 1980 vijana watatu wa Chicago waliojiita Phuture, yaani DJ Pierre, Spanky na Herb J, walikuwa na TB-303 ya mkononi. Walichofanya ndicho kile ambacho maelekezo ya kiwandani hayakukitarajia: kuiacha mashine ijipige yenyewe huku wakizungusha vifundo vyake wakati sauti inatoka. Kifundo kimoja huamua kichujio, sehemu inayopunguza sauti za juu, kikate kuanzia wapi, cha pili huamua kichujio chenyewe kilie kiasi gani pale kinapokatia. Ukivizungusha polepole vyote viwili, noti zilezile chache zinaanza kukoroma, kulia, kupiga kelele kama mtu anayetaka kusema jambo huku ameuma meno. Ron Hardy, DJ wa klabu ya Music Box, aliipiga kanda yao ukumbini, na inasimuliwa kwamba mara ya kwanza watu waliondoka sakafuni. Akairudia usiku uleule, akairudia tena, na mara ya nne ukumbi ukalipuka. Mwaka 1987 ilitoka kwenye santuri kwa jina "Acid Tracks", na aina nzima ya muziki, esidi, ikachukua jina lake hapo.

Nasisitiza zile mara nne. Masikio ya watu yalihitaji kufundishwa, na kuyafundisha kulihitaji ukumbi ambao DJ ana mamlaka ya kurudia wimbo uliokataliwa. Leo programu ya simu inakupa sekunde chache, ukiruka wimbo haurudi. Sidhani esidi ingezaliwa kwa mtindo huo.

Detroit, kwa Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, hadithi ya tekno, muziki mwingine wa mashine, inafanana kwa upande wa mashine, ingawa wao waliwaza zaidi juu ya viwanda na wakati ujao. Siendi huko kwa undani. Kilichofuata Uingereza ndicho kinachotugusa sisi.

Santuri za miji hiyo miwili zilivuka bahari, na kufikia kiangazi cha 1988 vijana wa Uingereza walikuwa wanacheza hadi asubuhi kwenye maghala matupu na mashambani. Mei 1992 walikusanyika maelfu kwa maelfu pale Castlemorton, siku kadhaa mfululizo. Serikali ikajibu kwa sheria ya mwaka 1994 iliyowapa polisi uwezo wa kuvunja mikusanyiko ya wazi ya usiku, na sheria hiyo iliutaja muziki wenyewe: ule ambao sehemu yake kubwa ni mfululizo wa mapigo yanayojirudia. Hebu fikiria, mapigo yanayojirudia yameandikwa kwenye kitabu cha sheria! Watu wakarudishwa ndani ya kumbi zenye leseni na tiketi, na muziki uliostawi ukawa ule uliofaa kumbi hizo.

Pembeni, redio za magendo zilikuwa zinarusha matangazo kutoka juu ya maghorofa ya London, na humo ndimo ulimokua muziki wa Jungle. Kifaa chake kilikuwa sampla, mashine ya kunasa kipande cha sauti na kukichezea utakavyo. Kipande kilichonaswa kuliko vyote ni sekunde chache za ngoma kutoka wimbo "Amen, Brother" wa bendi ya The Winstons wa mwaka 1969. Kilipandishwa kasi mpaka mapigo 160 na kuendelea, kikakatwakatwa, kikapangwa upya. Mpiga ngoma Gregory Coleman alifariki mwaka 2006 bila kupata hata senti kwa maelfu ya nyimbo zilizojengwa juu ya mikono yake. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, alikuja kupewa mchango wa wapenzi wa muziki, kama pauni 24,000, mwaka 2015. Jambo hili linaniuma, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza niseme kitu ambacho watengeneza biti tunakijua mikononi lakini ni nadra kukieleza. Namba ya mapigo kwa dakika si kasi ya mchezaji. Kwa mapigo 120, kasi ya kawaida ya hausi, pigo moja na jingine hutenganishwa na nusu sekunde, na mguu unafuata bila shida. Kwa mapigo 240 nafasi inabaki robo sekunde. Hakuna kiuno kinachokwenda hivyo usiku kucha. Mwili wenyewe hukata hesabu katikati: unacheza pigo moja, unaruka moja. Ndiyo maana Jungle ya mapigo 160 ina besi inayotembea kwa 80, mwendo wa rege, na mtu anaweza kuyumba taratibu wakati ngoma zinamwagika juu yake kama mvua ya mawe. Mchezaji anachagua akae kwenye ghorofa ipi.

Hapo ndipo inapoingia singeli.

Mgeni akisikia singeli ya mapigo 240, au 300, anasema huu ni wazimu. Aliyekulia uswahilini anasikia nyumba ya ghorofa mbili. Juu kuna MC anayemwaga maneno na kinanda kinachozunguka. Chini kuna mwendo wa 120 ambao mama mwenye kanga kiunoni anauchezea bila kutoa jasho. Ukitaka kuthibitisha, zima sauti ya video yoyote ya kigodoro, yaani mkesha wa muziki mtaani, hesabu viuno, kisha washa sauti uhesabu ngoma. Utakuta moja ni nusu ya nyingine.

Mashine za bei chee nazo zipo. Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, muziki mwingine wa mitaani, na uti wa mgongo wa mchiriku ulikuwa vile vinanda vidogo vya Casio, ambavyo kwingineko ni mchezo wa watoto, vikipitishwa kwenye spika za honi hadi vikauma masikio. Kisha ikaja kompyuta ya mitumba na programu za kutengenezea muziki zilizokrakiwa. Kijana alichukua sekunde chache za taarabu, zile za fidla au kinanda kabla mwimbaji hajaingia, akazizungusha zijirudie, akapandisha kasi. Ukipandisha kasi mara mbili kwa njia ya santuri, sauti nayo hupanda oktava nzima, ndiyo maana fidla za singeli ya zamani zinalia kama nyuki waliochokozwa. Nani aliwahi kuwalipa wapiga fidla wale? Ninapomfikiria Coleman ninawafikiria na wao. Siku hizi maprodyuza wengi wanapiga vinanda vyao wenyewe, na naliona hilo kuwa hatua ya heshima kuliko ya ufundi.

Ukumbi wa singeli ulikuwa kigodoro, mkesha wa mtaani wa kuelekea harusi au ngoma ya mtoto, barabara imefungwa, spika zimepangwa ukutani. Mwimbaji Msaga Sumu alijijenga huko mpaka akaitwa mfalme. Mwaka 2016 mwimbaji Man Fongo na wimbo wake "Hainaga Ushemeji" wakaufikisha muziki huu kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Manzese wala Tandale. Mwaka uliofuata lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na ghafla maprodyuza wa mtaani wakawa wanapanda ndege kwenda kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. DJ Travella na "Mr Mixondo" yake ya 2022 ni mtoto wa njia hiyo, na huko hakuna MC kabisa, ni mashine tupu.

Huku nyumbani mambo yalikwenda kinyume. Vigodoro vikapigwa marufuku mara kadhaa kwa sababu ya kelele, vurugu na maadili. Siwezi kusema malalamiko ya majirani yalikuwa ya uongo. Nimeishi nyumba mbili kutoka kwenye mkesha na sikulala. Lakini matokeo yake kimuziki ni yaleyale ya Uingereza: funga barabara, muziki utahamia palipo na mlango. Na ukumbi wenye mlango, kiti na bia una mwendo wake. Nakumbuka kituo kimoja cha redio kilinirudishia wimbo wa mteja wangu, kikitaka niushushe hadi mapigo 180 ili "watu wazima wausikilize". Niliushusha, kwa sababu mteja alihitaji kupigwa redioni. Ukafa. Kwa 180 nusu yake ni 90, kiuno kinapwaya, na yule MC alisikika kama anasoma tangazo.

Mwendo ambao kumbi hizo zilikuwa zinautafuta ulikuja kutoka Afrika Kusini. Amapiano imelelewa kwenye vitongoji vya Gauteng kuanzia miaka ya 2010, mapigo kama 112, na nyimbo zake zilisambaa kwa simu na WhatsApp kabla redio hazijashtuka. Asili yake iko mbali: katika miaka ya 1990 kwaito, muziki wa vitongoji vya hukohuko, ilitokana na hausi iliyopunguzwa kasi, kwa hiyo uzi kutoka Warehouse haujawahi kukatika. Sauti inayoitambulisha, ile ngoma ya gogo inayogonga kama mtu anabisha mlango kwa kiganja, imetoka kwenye kinanda kimojawapo cha programu ya FL Studio ambacho wengi tulikuwa tukikipita bila kukigusa. Mashine nyingine iliyodharauliwa! Na ina siri moja: ingawa ni besi, mgongo wake una mawimbi mengi ya juu, hivyo hata spika ndogo ya simu, isiyoweza kutoa besi ya kweli, inakufanya uamini umeisikia. Besi ya kawaida hupotea kabisa kwenye simu. Kwa muziki unaosambaa kwa simu, hilo ni zaidi ya bahati.

Kuna watakaoniuliza mbona sijataja zile siku za muziki wa dansi wa mashine Marekani baada ya 2010, viwanja vilivyojaa na DJ wanaolipwa mamilioni ya dola. Zilikuwepo. Kampuni ya SFX Entertainment ilinunua matamasha kwa pupa, ikaingia soko la hisa Oktoba 2013, na Februari 2016 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Fedha zilinunua viwanja na majukwaa, ila sakafu ya kufundishia masikio hainunuliki hivyo.

Wiki mbili zilizopita kijana wa miaka kumi na tisa aliniletea kazi kwenye flashi. Akaniambia, "Kaka, hii ni singeli, ila sikiliza chini." Mapigo 224. Kinanda kinakimbia, makofi yanakimbia, na chini kabisa ngoma ya gogo inatembea kwa 112, mwendo halisi wa amapiano, haijabanwa wala kunyooshwa. Alikuwa hajasoma popote habari ya nusu ya mapigo. Alisema alihesabu kwa miguu ya dada yake. Tatizo lilikuwa moja: gogo lilikuwa linagombana na ngoma kuu pale kwenye hezi 60, eneo la sauti nzito za chini, vyote viwili vinavimba na hakuna kinachosikika. Tulikaa mpaka saa nane usiku tukimpunguzia mmoja na kumwachia nafasi mwenzake. Kisha tukaijaribu kwenye simu yake, sauti mwisho, imewekwa ndani ya kikombe cha plastiki kwa sababu spika za studio zilishaamsha jirani. Gogo likasikika.