Chuo kikuu cha kanisa si chuo cha wachungaji

Ukifika msimu wa udahili, Arusha na Moshi kunasikika maswali yaleyale. Binti kachaguliwa Makumira, chuo kikuu cha Walutheri, anaulizwa kama anaenda kuwa mchungaji. Mwenzake kapata Mwenge, chuo kikuu cha Wakatoliki, anaambiwa ameitika wito wa utawa. Wa kwanza anakwenda kusoma sheria, wa pili ualimu wa kemia.

Chuo kikuu cha kanisa ni chuo kikuu kinachomilikiwa na kanisa, basi. Kinachofundishwa humo utakijua kwa kutazama vitivo na programu zake. Kitivo, ambacho vyuo vingine hukiita skuli, hukusanya idara za fani zinazokaribiana. Programu ni mtaala mmoja unaomfikisha mwanafunzi kwenye astashahada, stashahada, shahada au zaidi. Programu za shahada huidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, chuo kiwe cha serikali, cha Walutheri au cha Wasabato, na Bodi ya Mikopo hukopesha wanafunzi wa vyuo vya kanisa pia.

Mkanganyiko huu una chanzo. Makumira ilianza kweli kama chuo cha theolojia cha Walutheri, miaka ya 1950, na kwa miongo kadhaa kazi yake ilikuwa kuandaa wachungaji. Makumira ilipoingia katika Chuo Kikuu cha Tumaini, kilichoanzishwa miaka ya 1990, theolojia ikawa kitivo kimoja miongoni mwa vingine. Wazee wetu wamebaki na picha ile ya zamani, nami siwalaumu. Lakini mbona KCMC, ile hospitali ya rufaa ya Moshi, hatukosei? Nayo ina mizizi kanisani, hospitali na chuo chake cha udaktari, na hakuna anayemwita daktari aliyesomea pale mchungaji.

Kuna kosa la ndani zaidi, na hili ndilo linaloniumiza: hata shahada ya theolojia haimfanyi mtu mchungaji. Chuo hutunuku shahada, kanisa ndilo linalombariki mtu kuwa mchungaji. Katika KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mtu hubarikiwa na askofu ili atumike katika dayosisi, na hilo halifanyiki kwenye mahafali. Yupo aliyehitimu theolojia akaingia darasani kufundisha au akaendelea na utafiti, asivae kola maisha yake yote. Kwa Wakatoliki tofauti iko wazi zaidi. Anayeelekea upadre hupitia seminari kuu, kama ile ya Kibosho wanakosoma falsafa, ilhali Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge kinajulikana kwa kuandaa walimu wa sekondari. Padri naye anaweza kusoma Mwenge. Akihitimu ualimu, anatoka na shahada ya ualimu, na upadre wake unabaki ule aliokuja nao.

Umiliki wa kanisa unaonekana kwenye maisha ya chuoni: ibada, kanuni za mwenendo, ratiba. Chuo Kikuu cha Arusha pale Usa River ni cha Wasabato, kwa hiyo Jumamosi si siku ya vipindi. Mzazi ana haki ya kuyapima hayo kabla mtoto hajaomba nafasi. Ila wapo wanaofuta chuo kizima kwenye orodha kwa kuamini kwamba kila anayeingia humo anasomea dini, na mtoto anakosa programu aliyoitaka na ambayo ana sifa za kuisoma. Tuanze na mwongozo wa udahili wa TCU: tusome jina la programu na vigezo vya kuingia, ndipo tuulize chuo ni cha nani.