Kreni ya miguu: inavyonyanyua mzigo na inapoanzia kuharibika

Kreni ya miguu ni boriti nene ya chuma iliyokaa juu ya miguu yenye magurudumu. Kreni ya ndani ya karakana hutegemea nguzo za jengo. Kreni ya miguu haihitaji jengo, ndiyo maana utaikuta uwanjani: yadi ya makontena, kiwanda cha mihimili ya zege, yadi ya kupasulia mawe. Ile ndogo ya kusukuma kwa mkono, ya tani 1 au 2 yenye cheni bloki (kifaa cha kunyanyulia kwa kuvuta mnyororo kwa mkono), inatosha gereji ya kushushia injini za malori.

Mienendo yake ni mitatu. Kreni nzima hutembea juu ya reli, toroli, yaani kigari kinachobeba kulabu, hukimbia juu ya boriti, kulabu hupanda na kushuka. Mota huzungusha giaboksi, giaboksi huzungusha ngoma, ngoma hukunja kamba ya waya. Breki yake ni kinyume cha ile ya gari: springi ndiyo inayobana, umeme ndio unaoachia. Umeme ukikatika, mzigo unabaki palepale hewani.

Ajali nyingi hazianzii kwenye boriti. Zinaanzia kwenye ufungaji wa mzigo. Chukua pande la graniti la mita 2 kwa 1.5 kwa 1.2. Ni mita za ujazo 3.6, na kwa tani 2.7 kila moja, lina karibu tani 9.7. Lifunge kwa minyororo miwili. Ikiwa na pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, kila mnyororo unabeba tani 5.6. Ukitumia minyororo mifupi, nyuzi zikashuka hadi 30, kila mmoja unabeba tani 9.7, yaani kama vile ule wa pili haupo. Kreni ya tani 10 haijazidiwa. Mnyororo uliochaguliwa kwa tani 5.6 ndio uliozidiwa.

Kuburuta mzigo kwa kulabu ni kosa jingine. Kamba ikivutwa upande huruka mfereji wake kwenye ngoma, hujipanda na kusagika, na mzigo ukiachia ardhi hubembea kuwafuata watu.

Kwa Dodoma na Singida, angalieni ardhi na upepo. Udongo mweusi wa mbuga hujaa maji masika, hunywea na kupasuka kiangazi. Msingi wa reli uliojengwa juu yake bila kuuondoa utapinda. Dalili ni mguu mmoja kutangulia mwingine, mlio wa chuma kusagana, na vumbi linalong'aa kandokando ya reli. Msibadilishe magurudumu tu. Pimeni kwanza reli, umbali kati yake na usawa wake, la sivyo magurudumu mapya yataliwa vilevile. Vumbi la kiangazi nalo likishika grisi ya kamba huwa kama msasa, kwa hiyo futeni grisi kuukuu kabla ya kupaka mpya.

Kila asubuhi, pandisheni kulabu tupu polepole hadi swichi ya kikomo, inayokata umeme kulabu ikifika juu kabisa, iisimamishe. Isipokata, kazi haianzi. Kwa mzigo wa kwanza mzito, nyanyueni sentimita 10, simamisheni, tazameni kwa nusu dakika: ukiteleza hata kidogo, ushusheni na kuita fundi wa breki. Jioni kreni ifungwe kwenye reli kwa vibanio vyake. Breki za magurudumu peke yake hazitoshi, maana upepo husukuma kreni nzima, na kreni iliyoanza kukimbia tupu huenda ikagonga kizuizi cha mwisho wa reli na kupinduka.